Alto maana yake "juu": mbona akina mama wanaiimba chini?

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya wa Mwanza. Anaandika: "Shikamoo mtaalamu. Nafundisha kwaya ya parokia. Juzi kijana mmoja aliyepitia seminari katuambia kwamba neno 'alto' maana yake ni 'juu'. Akina mama wa alto wakaangua kicheko, maana kila Jumapili wao ndio wanaoteremka chini kuliko wanawake wote. Mimi nikakosa jibu. Ni kweli? Halafu, ni nani aliyeamua kwamba kwaya iwe na sauti nne, si tatu wala tano? Nasikia mambo haya yalianza Ulaya zama za Renaisansi, yaani karne ya 15 na 16."

Marahaba, mwalimu. Kijana amesema kweli, na akina mama nao wana haki ya kucheka. Alto ni Kiitaliano, limetokana na Kilatini altus, na maana yake ni juu. Lakini juu ya nini? Ilikuwa juu ya teno, na aliyeiimba alikuwa mwanamume. Kwa hiyo alto haieleweki mpaka kwanza tuzungumze habari za teno.

Teno limetokana na tenere, yaani kushika. Mwimbaji wa teno wa karne ya 14 hakupewa jina hilo kwa sababu ya wembamba au uzito wa sauti yake. Aliitwa hivyo kwa kazi yake: alishika wimbo. Mtunzi alichukua kipande cha wimbo wa Kigregori, ule wa kale wa sauti moja, akampa teno aushike kwa noti ndefu ndefu, kisha wenzake wakafuma nyimbo zao juu yake. Noti moja ya teno iliweza kudumu mpaka wa juu wamemaliza mstari mzima wa maneno. Alikuwa kama nguzo ya kati ya nyumba ya msonge: hasogei, ila ukimwondoa kila kitu kinaanguka.

Juu yake alikuwa superius, babu wa soprano. Wa tatu aliitwa kontratenori, yaani anayekabiliana na teno. Huyu hakuwa na makao. Alizunguka humo humo alimo teno, mara juu yake, mara chini yake, akiziba mapengo yaliyoachwa na wawili wale. Nimewahi kuimba sehemu ya namna hiyo, na sikumbuki hata kipande kimoja cha wimbo wake. Unaruka kama panzi, ukimaliza hujui uliimba nini.

Hizo ndizo sauti zilizozoeleka mpaka kwenye miaka ya 1440: tatu. Kisha likatokea jambo dogo lililobadilisha kila kitu. Misa moja kutoka Uingereza (yaani sala za Misa zilizotungiwa muziki) ya mtunzi asiyejulikana, iitwayo Caput, ilisambaa bara la Ulaya ikiwa na sauti ya nne iliyowekwa chini ya teno kabisa. Watunzi wa barani waliiiga kwa pupa. Kontratenori akagawanywa mara mbili: mmoja akabaki juu ya teno, akaitwa contratenor altus, mwingine akashushwa chini yake, akaitwa contratenor bassus. Kwa kuwa waimbaji hawana subira na majina marefu, yakabaki altus na bassus. Kwa hiyo alto na besi ni ndugu wa tumbo moja. Waambie akina mama wako kwamba jina lao kamili ni "mpinzani wa teno, yule wa juu".

Hakuna kikao kilichokaa kuamua sauti ziwe nne. Lakini kwa nini walitaka sauti chini ya teno? Sababu ni masikio yao yalivyokuwa yanabadilika. Karne nyingi kabla ya hapo, Wazungu waliokuwa wakiimba kwa sauti zaidi ya moja walituliza wimbo juu ya d na s za solfa (do na so), au d na d' ya juu. Umbali wa d mpaka m waliuhesabu kuwa kitu cha kupita, si mahali pa kukaa. Waingereza hawakuwa hivyo; wao walizipenda d, m na s zikilia pamoja. Kinara wao alikuwa John Dunstaple, aliyefariki mwaka 1453. Mshairi Mfaransa Martin le Franc aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1440 kwamba watunzi wa barani walikuwa wamevaa "mwenendo wa Kiingereza". Mwaka 1477 mwanazuoni Johannes Tinctoris akaandika bila aibu kwamba hakuna muziki wa zaidi ya miaka 40 iliyopita unaostahili kusikilizwa na wajuzi. Kila kizazi kina watu wa namna hii, ila huyu aliweka na hesabu.

Sasa fikiria umekaa na kalamu. Kama teno ndiye wa chini kabisa, na noti zake ni za Kigregori usizoruhusiwa kuzigusa, basi huna uhuru: yeye ndiye anayeamua kila mchanganyiko umesimama juu ya noti gani. Ukiweka besi chini yake, uhuru unarudi kwako. Teno akishika s, besi wako anaweza kuimba d, au m, au s hiyo hiyo, na kila mara wimbo unasikika tofauti. Besi aliletwa kumfungua mtunzi mikono.

Hapa naomba nikae kando kidogo. Wapo wanaosema Wazungu ndio waliogundua kuimba kwa sauti nyingi. Si kweli. Wagogo wa Dodoma wana mpangilio wao wa sauti unaotulia kwenye umbali wa noti nne na tano, na Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo hufuma sauti nyingi kwa ustadi unaowatoa jasho wataalamu wanaojaribu kuziandika. Walichofanya Wazungu ni kuandika, na kwa sababu waliandika, mtunzi aliweza kukaa peke yake chumbani na kupanga sauti nne kabla hata mwimbaji mmoja hajafungua kinywa.

Vijana walioendesha mageuzi haya walitoka eneo dogo: kaskazini mwa Ufaransa ya leo na Ubelgiji. Makanisa makuu ya huko, kama la Cambrai, yalikuwa na shule za watoto waimbaji. Mtoto aliingia akiwa mdogo, akafundishwa Kilatini, kusoma noti, na kutunga papo kwa papo juu ya wimbo wa Kigregori. Guillaume Dufay aliingia Cambrai mwaka 1409, na akamaliza maisha yake hapo hapo mwaka 1474, baada ya kuwatumikia mapapa na watawala wa Italia. Tarehe 25 Machi 1436, Papa Eugenio wa Nne alipotabaruku kanisa kuu la Firenze lenye kuba maarufu la Brunelleschi, moteti ya sherehe, yaani wimbo wa dini wa sauti nyingi, ilikuwa ya Dufay. Ndani yake mna teno wawili wanaoshika wimbo wa Kigregori usemao "Mahali hapa panatisha", na sehemu zake nne zimepangwa kwa uwiano wa 6, 4, 2 na 3. Wapo wanaosema ni vipimo vya Hekalu la Sulemani. Fungua 1 Wafalme sura ya 6 uhesabu dhiraa mwenyewe.

Waimbaji hao walikuwa wanaume na watoto wa kiume peke yao. Soprano iliimbwa na watoto, au na wanaume waliobana koo na kuimba kwa sauti ya kichwa. Alto iliimbwa na wanaume wenye teno nyembamba sana. Na usidhani ni kwaya za watu 80. Kwaya ya Papa yenyewe ilikuwa na watu 20 na ushee, mahali pengi walikuwa chini ya hapo. Wote walizunguka kitabu kimoja kikubwa kilichowekwa juu ya kinara: ukurasa wa kushoto juu soprano, chini yake teno, kulia juu alto, chini yake besi. Kila mmoja alisoma sehemu yake tu, bila mistari ya kugawa mapigo kama tuliyoizoea. Kujua mwenzako yuko wapi ilikuwa kazi ya masikio. Wanakwaya wanaolalamika kwamba nakala hazitoshi ningependa wakione kitabu hicho.

Mpaka hapo teno bado ni mfalme. Aliyemshusha, si peke yake lakini kwa ustadi kuliko wengine, ni Josquin des Prez, aliyefariki Condé tarehe 27 Agosti 1521. Tafuta moteti yake "Ave Maria, virgo serena", iliyowekwa ya kwanza kabisa katika kitabu cha moteti kilichochapwa Venice mwaka 1502. Soprano anaanza peke yake: "Ave Maria". Kabla hajafika mbali, alto anaingia na wimbo ule ule. Kisha teno, kisha besi. Hakuna anayeshika na hakuna anayejaza. Wote wanne wamepewa maneno yale yale na wimbo ule ule, kwa zamu. Baadaye anawagawa wawili wawili, soprano na alto wakisema jambo, teno na besi wakilirudia. Mwishoni, baada ya kukimbizana kote huko, wote wanasimama pamoja kwa noti ndefu na kuomba, "Ee Mama wa Mungu, unikumbuke". Unasikia wazi kwamba ni mtu mmoja anayeomba, ingawa vinywa ni vingi. Kwangu mimi, hapa ndipo kwaya ya sauti nne ilipozaliwa kweli. Kabla ya hapo zilikuwa sauti nne zilizokutana, kila moja na shughuli yake.

Kuna barua ya mwaka 1502 ambayo huwa nawasomea walimu wa kwaya. Mtawala wa Ferrara, Ercole, alikuwa anatafuta mtunzi. Wakala wake alimshauri amchukue Heinrich Isaac, kwa sababu ana tabia njema, anatunga haraka na atakubali dukati 120, sarafu za dhahabu za wakati huo. Josquin, alisema, anatunga vizuri zaidi, lakini anatunga anapotaka mwenyewe, na anadai dukati 200. Ercole alimchukua Josquin.

Josquin alimtungia Misa, na msingi wa Misa hiyo ni jina la bwana mwenyewe. Kumbuka solfa za wakati huo zilikuwa sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Mtawa Guido wa Arezzo alizichota karne ya 11 kutoka mianzo ya mistari ya wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Ti haikuwepo, na ut ndiyo do yetu. Josquin akaandika kwa Kilatini "Hercules dux Ferrarie", yaani "Ercole, mtawala wa Ferrara", akachukua irabu zake: e, u, e, u, e, a, i, e. Kila irabu akaipa solfa yenye irabu hiyo. Iandike ubaoni kwa kwaya yako: r d r d r f m r. Wimbo mzuri kabisa. Na kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano zile zile, sisi mchezo huu tunauweza kuliko Waingereza. "Kilimanjaro" inakuwa m m f f s. Wape watoto wa kipaimara watafute majina yao, utaona wanavyoshika solfa upesi.

Kwa njia, solfa za herufi ambazo kwaya zetu nyingi zinasomea si mali ya Guido moja kwa moja. Sarah Glover wa Norwich alizibuni na John Curwen akazisambaza, wote Waingereza wa karne ya 19, na wamisionari wakazibeba mpaka kwetu. Lakini wazo la ndani ni lile lile la zama za Josquin: d haina makao ya kudumu, unaihamisha popote sauti zako zinapokaa vizuri. Tutalihitaji wazo hilo mwishoni.

Uchapaji naupita haraka. Ottaviano Petrucci wa Venice alitoa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi mwaka 1501, nyimbo 96, kila karatasi ikipita mashineni zaidi ya mara moja kwa ajili ya mistari, noti na maneno. Kufikia 1528 Pierre Attaingnant wa Paris alikuwa anachapa vyote kwa mkupuo mmoja, kwa gharama ndogo. Vitabu vikatoka vya sauti moja moja: kimoja cha soprano, kimoja cha alto, na kadhalika, ili watu waketi mezani nyumbani kila mmoja na chake.

Nyumbani hawakuimba Misa, bali mashairi ya mapenzi. Madrigali ya Italia ilikuwa ushairi uliovikwa sauti, na kila neno lilidai haki yake. Jacques Arcadelt, kwenye wimbo wake wa bata-maji anayekufa, alipofika kwenye maneno "vifo elfu kwa siku" aliwaingiza waimbaji mmoja baada ya mwingine, tena na tena, mpaka unahisi kweli ni elfu. Mwishoni mwa karne ya 16 madrigali nyingi zilikuwa za sauti tano, si nne. Na huko Ferrara, kuanzia mwaka 1580, mtawala Alfonso wa Pili aliweka kundi la wanawake waimbaji wa kulipwa ambao sifa zao zilienea Italia nzima. Ndani ya kuta za nyumba za watawa wa kike, masista nao waliimba sauti nyingi miaka yote hiyo. Lakini katika kwaya za makanisa makuu, alto ilibaki ya wanaume.

Kanisani kulikuwa na ugomvi unaoufahamu vizuri. Watunzi walizoea kuchukua nyimbo za mitaani na kuzifanya teno ya Misa. Wimbo mmoja wa Kifaransa juu ya "mtu mwenye silaha" ulitumiwa kwenye Misa zaidi ya 40. Ukisikia leo wazee wa parokia wanalalamika kwamba wimbo wa shukrani una mdundo wa bongo fleva, ujue mababu zao wa kiroho walilalamika hivyo hivyo kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki. Mwaka 1562 mtaguso ulikataza muziki wenye uchafu kanisani, na makardinali wakadai maneno ya sala yasikike. Utasimuliwa kwamba walitaka kupiga marufuku sauti nyingi kabisa, mpaka Giovanni Pierluigi da Palestrina alipowaimbia Misa ya Papa Marcello na kuwayeyusha mioyo. Hadithi tamu, imekuzwa mno. Ila Misa hiyo, iliyochapwa 1567, kweli ina maneno yanayosikika, na ina sauti sita. Thomas Tallis wa Uingereza alifika hata sauti 40, kwaya nane za watu watano watano, katika moteti moja.

Kama sauti zilifika 40, nne zilirudije kuwa kawaida? Walutheri na wafuasi wa Calvin wana sehemu kubwa ya jibu. Mwaka 1524 Johann Walter, mshirika wa Luther, alichapa nyimbo za Kijerumani za sauti tatu mpaka tano, wimbo wenyewe ukiwa bado umefichwa kwenye teno kama zamani. Kwaya ilifurahi, waumini hawakuweza kufuata. Zaburi za Geneva, zile za wafuasi wa Calvin, nazo zilipangwa kwa sauti nne na Claude Goudimel, aliyeuawa Lyon kwenye mauaji ya Waprotestanti mwaka 1572. Kisha mwaka 1586 mchungaji Lucas Osiander akatoa nyimbo 50 kwa mtindo ulioonekana wa kitoto kwa wajuzi: sauti nne, zote zinatembea pamoja neno kwa neno, na wimbo umewekwa juu kwenye soprano ili kila aliyekaa kwenye benchi aushike. Fungua kitabu chochote cha tenzi chenye noti unachokijua. Ndio mtindo wa Osiander huo. Teno, aliyekuwa mshikaji, akabaki kuwa mjazaji, kazi aliyoidharau kwa kontratenori miaka mia mbili kabla.

Na alto? Kwaya za mchanganyiko wa wanawake na wanaume, kama Sing-Akademie ya Berlin iliyoanza 1791, zilipozoeleka, sehemu ya yule mwanamume wa juu ikapewa mwanamke wa chini. Mwimbaji alibadilika, jina halikubadilishwa.

Hilo lina faida ya moja kwa moja kwako. Ukitaka kuwaonjesha kwaya yako muziki huu, chukua "Sicut cervus" ya Palestrina, sauti nne, maneno ya Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji". Usishangae akina mama wa alto wakiishiwa pumzi huko chini. Sehemu ile iliandikwa kwa koo za wanaume. Pandisha d yako hatua moja au mbili, Palestrina hana piano ya kukubishia. Soprano wakianza kupiga kelele huko juu, irudishe d ilipokuwa na uwahamishie alto wanaume wawili wenye teno nyembamba wawasaidie noti za chini. Wafundishe kila sauti mstari wa kwanza tu mpaka waujue kama jina lao, kwa sababu wote wanne wanauimba. Anayeanza ni teno, peke yake. Anayemfuata, juu yake, ni alto.